Giga Sitini na Mbili

Kila asubuhi mashine hunisalimu, "Karibu, Somoe,"
na kila asubuhi humwitikia, kwa adabu tu.
Leo, mnada wa pili, baridi ya Newala imeng'ang'ania madirisha,
imenigomea katikati ya jina la Bi Ajaba Nalinga,
kilo mia tatu na kumi, daraja la kwanza:
nafasi imejaa.
Mstari mwekundu, jicho la mtu aliyekesha ngomani.

Nikatafuta nani kaijaza. Si mimi.
Stakabadhi za misimu minne, wakulima mia sita na ushei,
zote hazifiki giga moja.
Mpira peke yake: giga sitini na mbili.
Magari ya mashindano: arobaini.
Na lile la kulima, ee Mola, la kulima!
Mwanangu ambaye jembe humpa homa
ana ekari mia za ngano kwenye mashine ya chama.

Kidole kilikuwa juu ya "futa".
Kilikuwa pale.
Lakini Dadi yuko bweni, Ndanda, hana simu,
na siku ya kuondoka, sanduku liko begani,
hakusema nitakukumbuka, hakusema niombee.
Alisema, "Mama, usifute."

Nikanunua diski ya nje kwa Likapa, jirani na stendi.
Ndogo, yateleza, ungesema kipande cha sabuni ya wageni.
Nikaitikisa sikioni. Kimya.
"Haina kinachozunguka ndani," akasema,
"ndiyo maana ina mbio, na ndiyo maana ina bei."

Usiku ule nikalibeba gemu kama ninavyojua kubeba:
nikalikata huku, nikalibandika kule.
Asubuhi nikabonyeza picha yake. Halikufunguka.
Vyombo vyote vimehama, hakuna kilichovunjika,
ila kila mgeni bado anagonga mlango wa zamani.

Likapa alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.
"Mama Dadi, gemu si gunia. Gunia ukilibwaga popote ni gunia.
Rudisha lilipokuwa, kisha umwachie aliyeliingiza,
ile programu yake ina kitufe cha kuhamisha.
Itabeba yenyewe, na itapita kwa majirani wote kuwaachia anwani."

Nikarudisha. Nikabonyeza.
Asilimia tatu.
Asilimia tisa.
Umeme ukakonyeza, taa ya sebuleni ikashtuka.
Betri ya mashine hii hukaa dakika kumi na mbili, nimezipima,
na pale ilikuwa imebaki robo saa.
Nikaukemea umeme kwa Kimakonde,
maana Kiswahili tumeuambia miaka yote na hausikii.
Asilimia arobaini.
Nikachemsha chai, sikuinywa.
Sabini na moja, ikakaa hapo,
ikakaa kama mjumbe anayetafuta miwani yake mkutanoni,
halafu themanini, halafu tisini na tano,
halafu ule mstari ukawa buluu, mfupi,
na mashine ikashusha pumzi.

Nikamwingiza Bi Ajaba na kilo zake.

Ningeenda kulala. Ila karani hukagua alichopokea.
Nikafungua mpira. Ulifunguka kabla sijavaa miwani.
Timu ya Dadi, jezi ya kijani, nafasi ya kumi na sita.
Nikasoma majina kama ninavyosoma daftari, kuanzia juu:
mlinda mlango, namba moja, SOMOE.
Mabao aliyofungwa: thelathini na nane.
Mechi alizowekwa benchi: hakuna.

Nikakata plasta, nikaandika kwa kalamu ya ofisi,
MALI YA DADI, ISICHOMOLEWE,
nikaibandika mgongoni mwa diski.
Kisha nikavuta kiti,
nione kwa nini tunafungwa sana upande wa kushoto.